Ukienda kununua snodropu, tazama shingo kwanza

Kila ikifika katikati ya Februari, malalamiko yanayoingia kwenye simu yangu kuhusu snodropu, yale maua madogo meupe ya majira ya baridi huku Uingereza, yanafanana. "Dada, nimenunua kopo la snodropu kwenye maonyesho ya bustani, paundi 25, wiki ya pili limelala chini." Mwaka huu kuna mama mmoja wa Glasgow ambaye kopo jipya lilimfia na zile za zamani zilizopandwa jirani yake nazo zikafuata. Huyo ndiye aliyenifanya niandike, maana kupoteza kitu ulichonunua jana ni hasara ndogo. Kilichomkuta yeye ni kuleta ugonjwa nyumbani kwa hela yake mwenyewe.

Kwa hiyo leo siongelei ukubwa wa ua wala ile alama ya kijani iliyo ndani yake. Macho unayo, utaona mwenyewe. Naongelea shingo: pale mche unapotokea kwenye udongo, sehemu ya sentimita moja au mbili ambayo hakuna anayeinama kuitazama.

Snodropu ina kuvu wake maalumu, Botrytis galanthina. Huanzia chini. Mche unachomoza umevaa manyoya ya kijivu, shina linalainika, kisha vyote vinaanguka pamoja. Ukichimba utakuta tunguu (kile kitunguu cha chini ambacho mche huota) lina vidonge vyeusi vidogo, na hivyo vikibaki ardhini vinasubiri msimu ujao. Majira ya baridi yakiwa ya uvuguvugu na unyevu, ndiyo sherehe yake. Kuna na mwenzake, Stagonospora, ambaye huunguza ncha za majani kwa rangi ya wekundu wa kutu, na yeye habagui, hushambulia pia narsisi, ua jingine la matunguu.

Sasa angalia meza ya maonyesho. Karibu kila kopo limefunikwa changarawe safi juu. Changarawe ina kazi yake halali, maji hayatuami shingoni na kopo linapendeza. Lakini inafunika palepale unapotaka kupaona. Mimi husogeza changarawe kwa kidole kimoja, taratibu, mpaka nione ala nyeupe inayoshika majani. Iwe ngumu, safi, isiyo na unyoya. Halafu nageuza kopo nitazame matundu ya chini: mizizi myeupe iliyonona ni dalili njema. Mizizi ikiwa ya kahawia na inanuka, rudisha mezani, na mikono ufute kabla hujagusa kopo lingine.

Msinione nazidisha. Mwishoni mwa karne ya 19 alikuwepo bwana mmoja wa Shepton Mallet, Somerset, James Allen, ambaye anatajwa kuwa wa kwanza kuchanganya aina za snodropu kwa makusudi. Alikuwa na aina zaidi ya mia. Kuvu na nzi wa narsisi wakamfyekea sehemu kubwa ya mkusanyiko wake. Kama yeye aliyeishi nazo alishindwa, wewe mwenye bustani ya hatua kumi nyuma ya nyumba utanusurika vipi?

Tukija kwenye nini ununue, nina upande na siufichi.

Wa kwanza ni aina iitwayo 'S. Arnott', na sijaona wa kumkaribia. Ni mrefu wa wastani, ua la duara lililojaa, na siku jua likichomoza ananukia asali mpaka unasimama. Amepewa jina la Samuel Arnott wa upande wa Dumfries, Scotland, aliyempelekea matunguu yake Henry John Elwes wa Colesbourne, Gloucestershire. Elwes ndiye yule yule aliyeleta umaarufu wa Galanthus elwesii (Galanthus ni jina la kitaalamu la snodropu) baada ya kuiona karibu na Izmir mwaka 1874. Uzuri wa Arnott ni kwamba anazaana haraka. Makopo yanayouzwa huwa na matunguu mawili matatu yaliyobanana, kwa hiyo hata moja likikataa una akiba, na muuzaji hana sababu ya kukunyonya kwa kitu kinachojaa kila mahali. Ukiweza, kanunue palepale Colesbourne Park, wanafungua wikendi za msimu. Kuna faida moja ambayo maonyesho ya ukumbini hayawezi kukupa: unaziona zimesimama nje kwenye baridi, maelfu kwa maelfu, na unajua zimekulia wapi. Kopo lililoshinda bandani kwenye joto ili ua lifunguke siku ya mauzo linaweza kukuaibisha likifika kwako kwenye barafu.

Wa pili ni 'Magnet', ambaye ni kazi ya huyo huyo Allen niliyemtaja. Kikonyo cha ua lake ni kirefu na chembamba, upepo kidogo tu ua linacheza. Ana nguvu, bei yake ni ya binadamu. Wa tatu nampa 'Atkinsii', anayetoka mapema, mara nyingi Januari, na ua refu kama tone la maji. Kwa kuwa anatangulia, anakutana na mvua nyingi akiwa wazi, kwa hiyo shingo yake ikague mara mbili.

Za njano nimeziweka mwisho na nitatukanwa. 'Wendy's Gold' ni nzuri, nakubali. 'Lady Elphinstone' yenye petali nyingi ni nzuri zaidi, ila ukimhamisha anaweza kununa akatoa maua ya kijani badala ya njano kwa msimu mmoja au zaidi, na wewe umelipia njano. Wazimu wa rangi hii ndio uliotufikisha hapa: mwaka 2015 tunguu moja la 'Golden Fleece', alilolizalisha Joe Sharman, liliuzwa eBay kwa paundi 1,390, na mwaka 2022 'Golden Tears' likafika paundi 1,850. Tangu hapo kila mwenye meza na kopo lenye kitu cha manjano anajiona na yeye ana almasi.

Za bei nafuu? Galanthus nivalis ya kawaida, inunue ikiwa na majani mabichi baada ya kuchanua, kwa mafungu. Zile kavu za pakiti za vuli ziache, nyingi zimekauka hadi zimekufa. Basi.

Na hawa wauzaji jamani. Kwenye maonyesho fulani nilisogeza changarawe kama nilivyoeleza, nikaambiwa kwa sauti, watu wakigeuka, kwamba maua si ya kushikwashikwa. Nikamwonyesha ncha zenye kutu. Akasema ni baridi imeunguza. Baridi gani inayounguza kopo moja katikati ya makopo thelathini? Umeshalipa kiingilio na maegesho, umekunywa chai ya paundi nne ndani ya kikombe cha karatasi, halafu unataka kutazama bidhaa kabla ya kulipa unaonekana mkorofi. Wengine hawabandiki bei, wanakupima kwanza koti lako. Na ua likiwa limeshapukutika, hakuna wa kukuthibitishia kwamba lebo inasema kweli. Ni mbuzi kwenye gunia. Nunua likiwa limechanua, piga picha ua na lebo pamoja hapohapo mezani, na risiti udai.

Ukifika nyumbani, usilipande pamoja na wenzake. Liweke peke yake, mbali, mpaka msimu wa pili utoke salama. Likionyesha kijivu, chimba lote na udongo wake, choma au tia kwenye pipa la taka, lisiende kwenye mboji.

Wanaoniuliza kuhusu kupeleka tunguu Arusha au Limuru kwa shangazi: hapana. Zinahitaji baridi ya kweli ya miezi, na Galanthus zote zimo kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, kwa hiyo kuivusha mpaka bila kibali ni kujitafutia matata uwanja wa ndege. Shangazi mwambie apande Scadoxus, lile ua jekundu la duara linalochomoza mvua zikianza. Ni la ukoo mmoja na snodropu, na huko halihitaji kubembelezwa.