Uzoefu wangu na ruta ya Wi-Fi 6: kilichoirudishia kasi na kisichosaidia

Ruta ninayoitathmini ni ya aina ya kawaida kabisa: Wi-Fi 6, bendi mbili (GHz 2.4 na GHz 5), antena mbili kwa kila bendi, poti za waya za gigabiti moja. Hukumu yangu naitoa mapema. Kifaa ni kizuri, lakini kikiachwa kilivyotoka kwenye boksi kinatoa sehemu ndogo tu ya uwezo wake, na marekebisho mengi yanayokiamsha hayahitaji kununua chochote. Ninayoyaeleza hapa yanafaa kwa ruta nyingine yoyote ya kundi hili.

Pima kwa waya kwanza

Kosa linalowapotezea watu muda mwingi ni kupima kasi kwa simu wakiwa chumbani, kuona namba ndogo, kisha kumlaumu mtoa huduma. Kipimo hicho kimechanganya mambo mawili: laini inayoingia nyumbani, na mawimbi yanayotoka kwenye ruta hadi mkononi mwako. Yatenganishe. Chomeka kompyuta kwenye poti ya LAN (poti ya vifaa vya ndani ya nyumba), zima Wi-Fi ya kompyuta hiyo, hakikisha hakuna anayepakua kitu, halafu pima mara tatu, na mara moja kati ya hizo iwe jioni watu wengi wanapokuwa mtandaoni. Waya ukitoa kasi unayoilipia na Wi-Fi isitoe, tatizo ni la ndani ya nyumba.

Kumbuka pia kwamba kifurushi huuzwa kwa megabiti ilhali kompyuta mara nyingi huonyesha upakuaji kwa megabaiti. Mbps 80 (megabiti 80 kwa sekunde, biti nane zikiwa baiti moja) ni megabaiti 10 kwa sekunde, na hapo hakuna aliyekuibia.

Namba ya kuitilia maanani ni 94. Kifurushi cha Mbps 200 kinachogota kwenye 93 au 94 kila unapopima kinakuambia kwamba mahali fulani njiani pana kiungo kinachofanya kazi kwa Mbps 100. Zile chache zinazopungua huliwa na taarifa za anwani zinazobebwa na kila pakiti, yaani kila kipande kidogo cha data. Huenda poti ni ya zamani, lakini mtuhumiwa wangu wa kwanza huwa waya. Gigabiti inahitaji jozi zote nne zilizo ndani ya waya. Jozi moja ikikatika, au pini moja ikishika kutu, vifaa viwili hukubaliana kushuka hadi Mbps 100 bila kukupa onyo lolote. Waya unaosahaulika kuliko yote ni ule mfupi kati ya modemu na ruta. Weka waya wa daraja la Cat5e au Cat6, kisha fungua ukurasa wa ruta uhakikishe poti ya WAN (inayopokea laini ya nje) imeandikwa 1000 Mbps. Cat5e inabeba gigabiti hadi mita 100, kwa hiyo nyaya za daraja la juu zaidi hazikuongezei kitu kwa kazi hii.

Soma nguvu ya mawimbi, usihesabu vistari

Vile vistari vya Wi-Fi kwenye simu havina kipimo kimoja. Kila kampuni hupanga vyake. Tafuta namba ya dBm, kipimo halisi cha nguvu ya mawimbi. Programu za kuchunguza Wi-Fi kwenye Android huionyesha. Kwenye Mac, shikilia kitufe cha Option ukibofya alama ya Wi-Fi. Kwenye Windows, amri ya netsh wlan show interfaces inakupa chaneli na kasi ya kiungo, na nguvu ya mawimbi kwa asilimia. Namba za dBm ni hasi, kwa hiyo iliyo karibu na sifuri ndiyo bora. Kati ya -40 na -55 mambo ni mazuri sana. -67 bado inatosha simu ya video bila kukwama. Ukifika -75 utaanza kusuasua. -80 kushuka chini ni kama hakuna kitu. Kila desibeli 3 zinazopotea ni nusu ya nguvu.

Kasi ya kiungo nayo inahitaji kueleweka. Ruta hii ikiongea na simu ya Wi-Fi 6 yenye antena mbili kwa upana wa MHz 80, kiwango cha juu ni Mbps 1201. Simu ya Wi-Fi 5 katika hali hiyo hiyo hufika 866. Hizo si kasi za kupakua. Hewa ni moja, na vifaa hupokezana zamu kama watu barazani. Muda mwingine huenda kwenye kusubiri na kuthibitisha kwamba pakiti imefika. Tarajia nusu hadi theluthi mbili ya namba hiyo ukiwa chumba kimoja na ruta. Na kama barazani, anayezungumza polepole huwachelewesha wote: simu moja iliyo mbali, kwenye -80, hutumia muda mrefu wa hewa kutuma kitu kidogo, na aliyekaa kando ya ruta naye anaumia.

Ukitaka kuipima Wi-Fi peke yake bila kuihusisha laini ya nje, sakinisha iperf3, programu ya kupima kasi kati ya kompyuta na kompyuta, kwenye kompyuta mbili. Iliyo kwenye waya iendeshe iperf3 -s. Iliyo kwenye Wi-Fi iendeshe iperf3 -c ikifuatwa na anwani ya ile ya kwanza, pamoja na -P 4 -t 30. Ukiongeza -R inapima upande wa kupakua. Ndicho kipimo pekee ninachokiamini ninapobadilisha mpangilio mmoja na kutaka kujua kama umesaidia.

Chaneli: hapa ndipo kasi nyingi hupotelea

Kwenye GHz 2.4, weka upana wa MHz 20 na chagua 1, 6 au 11. Basi. Chaneli za bendi hiyo zimeachana MHz 5 tu, lakini mawimbi ya Wi-Fi yanachukua takribani 20, kwa hiyo hizo tatu ndizo zisizokanyagana. Watu wengi huona jirani yuko 6 wakakimbilia 4 au 8 wakidhani wamepata nafasi. Wamejiumiza. Vifaa vilivyo kwenye chaneli moja husikiana na kupokezana zamu hata kama ni vya nyumba tofauti; vilivyopishana nusu nusu havielewani, kila kimoja humsikia mwenzake kama kelele, pakiti huharibika na kurudiwa. Heri kugawana chaneli 6 na jirani kuliko kukaa 4 ukiwaudhi walio 1 na walio 6 kwa pamoja. Upana wa MHz 40 kwenye bendi hii uzime kabisa, maana unafunika sehemu kubwa ya bendi yote.

Kwenye GHz 5 nafasi ni kubwa. Anza na MHz 80. Chaneli 36 hadi 48 hutumiwa na karibu kila ruta, kwa hiyo hujaa mapema. 149 na kuendelea ni nzuri pale zinaporuhusiwa. Zile za kati, kuanzia 52 hadi 144, mara nyingi huwa tupu, na sababu yake ni rada: ruta lazima isikilize kwa angalau sekunde 60 kabla ya kuanza kurusha, na ikisikia rada ihame mara moja. Kama GHz 5 yako hutoweka kwa dakika moja bila sababu kisha ikarudi na chaneli tofauti, soma kumbukumbu za ruta. Huenda ndilo jambo lenyewe. Mimi hutumia chaneli hizo panapokuwa na msongamano mkubwa na hakuna rada jirani, na ninaridhika nazo.

MHz 160 imeandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi. Simu nyingi haziitumii, na kila upana unapoongezwa mara mbili, kelele nayo huongezeka kwa desibeli 3, yaani umbali unapungua. Mahali penye ruta nyingi zilizobanana, hata kushuka hadi MHz 40 kunaweza kutoa mwendo ulio thabiti zaidi. Usiiachie ruta ijichagulie chaneli bila kuikagua pia: nyingi huchagua mara moja tu zinapowashwa, na hali ya saa nane usiku si ile ya saa mbili usiku.

Mahali pa kuiweka

Ruta ikae katikati ya nyumba, juu ya usawa wa kifua, mbele yake pakiwa wazi. Nyuma ya televisheni ni mahali pabaya, ndani ya kabati la chuma ni pabaya zaidi. Zege lenye nondo, kioo cha kujitazamia chenye mgongo wa chuma na tangi la maji vyote hula mawimbi, na GHz 5 huathirika zaidi ya GHz 2.4. Maikrowevu hurusha kelele karibu na GHz 2.45 inapofanya kazi. Jambo ambalo wachache hulijua ni kwamba diski ya USB 3.0 iliyochomekwa kwenye ruta yenyewe hutoa kelele kwenye GHz 2.4, ikiwa lazima iwepo, tumia waya mfupi wenye kinga nzuri na uisogeze mbali na antena.

Antena za fimbo hutawanya mawimbi kama tairi lililovishwa kwenye fimbo: mengi kwenda ubavuni, machache sana kutoka kwenye ncha. Kwa nyumba isiyo na ghorofa zisimamishe wima. Kumwelekezea mtu ncha ya antena ni kumnyima.

Mipangilio miwili inayoua kasi kimyakimya

Wa kwanza ni usimbaji, yaani jinsi data inavyofichwa hewani. Ukiweka WEP, au WPA yenye TKIP, kwa ajili ya kifaa kimoja cha zamani, vifaa vinavyotumia usimbaji huo vinashuka hadi Mbps 54, kwa sababu viwango vya kuanzia Wi-Fi 4 (ya mwaka 2009) haviruhusu kasi zake kutumika pamoja na usimbaji huo. Weka WPA2 yenye AES, au WPA3 kama vifaa vyote vinaikubali. Wa pili ni kuruhusu 802.11b, kiwango cha kale cha Wi-Fi. Ikiwa imewashwa, ruta hutangaza jina lake kwa Mbps 1, karibu mara kumi kwa sekunde, na muda huo wote hewa inashikiliwa. Nimeizima bila kukosa chochote.

Foleni: kasi ipo lakini simu ya video inakatika

Hili ndilo tatizo lisilotambuliwa kuliko yote. Fungua ping (amri inayopima muda wa pakiti kwenda na kurudi) kuelekea anwani ya nje, kisha anza kupakia faili kubwa. Ikitoka milisekunde 20 ikapanda hadi 300 au zaidi, ruta au modemu inarundika pakiti kwenye foleni ndefu. Kipimo cha kasi kitaendelea kuonyesha namba nzuri huku kila mtu nyumbani akilalamika. Dawa ni usimamizi wa foleni, SQM, kwa mbinu ya fq_codel au CAKE. Ipe asilimia 90 ya kasi uliyopima kwa waya, kwa kupakua na kwa kupakia kila moja peke yake, halafu rudia ping. Ikibaki karibu na ile ya mwanzo, ongeza kidogo kidogo hadi ianze kupanda, kisha rudi hatua moja.

Ruta hii haikuja na SQM. Niliipata baada ya kuweka OpenWrt, mfumo huru wa ruta. Hakikisha modeli yako, pamoja na namba yake ya toleo, imo kwenye orodha yao, maana modeli zenye jina moja huweza kuwa na chipu tofauti, na faili isiyo yake inaweza kuiua ruta. SQM pia hulazimisha pakiti zipite kwenye prosesa kuu badala ya njia ya mkato ya maunzi. Prosesa dhaifu haitaweza laini ya mamia ya Mbps, na utaona kasi imeshuka. Kwa laini ya Mbps 50 au 100, hakuna badiliko jingine nililolisikia zaidi ya hili.

Vyumba visivyofikiwa

Ripita, vifaa vinavyoidaka Wi-Fi na kuirusha tena, sizipendekezi, hasa zile zenye redio moja: hupokea na kutuma kwa redio ile ile kwa zamu, hivyo kasi hukatika nusu kabla hata ya kuhesabu ukuta. Wengi huiweka ndani ya chumba chenye mawimbi mabovu, nayo hurudia ubovu huo huo. Kama huna njia nyingine, iweke katikati ya safari, pale penye -65 hivi.

Tiba ya kweli ni waya hadi kwenye ruta ya pili inayorusha Wi-Fi tu. Ruta ya zamani inatosha. Iunganishe na kompyuta peke yake kwanza, ipe anwani 192.168.1.2 ikiwa kuu ni 192.168.1.1 (na anwani hiyo isiwe ndani ya zile zinazogawiwa na ruta kuu), zima DHCP (huduma inayogawa anwani kwa vifaa), halafu unganisha LAN kwa LAN ukiacha WAN tupu. Jina, nenosiri na usimbaji viwe sawa, chaneli ziwe tofauti: moja 1 na 36, nyingine 11 na 149. Ukisahau kuzima DHCP, baadhi ya simu zitasema zimeunganishwa lakini hakuna intaneti, kwa kuwa zimepewa njia isiyo sahihi. Ukichomeka WAN bila kubadili hali ya kazi, utapata mitandao miwili na printa haitaonekana kutoka upande wa pili.

Simu ndiyo huamua lini ihame kutoka ruta moja kwenda nyingine, na nyingi hung'ang'ania ya kwanza hadi mawimbi yaishe. Punguza nguvu ya kurusha ya GHz 2.4 kwenye ruta zote mbili kwa desibeli 6 hivi kuliko ya GHz 5. Zitaachia mapema na kupendelea bendi ya kasi.

Yako pia niliyoyajaribu bila faida. Kubadili DNS (huduma inayotafsiri majina ya tovuti kuwa anwani) hakukuongeza kasi ya kupakua hata kidogo, hupunguza tu kusubiri kwa mwanzo tovuti inapofunguka. Antena ndefu zaidi zilibana lile tairi la mawimbi likawa bapa, chumba cha juu kikapoteza mawimbi. Kuzima na kuwasha kila siku kulificha tatizo la programu dhibiti ya zamani; kuisasisha ndiko kulikolimaliza.