Naogopa simu, wakaniambia nisubiri simu

Ugonjwa wangu ni hofu ya watu. Si haya ya mwari, ni ile ya kuacha mkate dukani kwa sababu kwenye foleni ya kulipia umemwona mtu unayemfahamu.

Niko Uingereza. Huku tiba ya mazungumzo ya serikali ni bure na unajiandikisha mwenyewe mtandaoni. Hapo niliwapenda. Kisha wakaniandikia: tutakupigia, namba itafichwa, usipopokea mara mbili tunafunga faili. Jamani! Mtu amekuja kwako kwa kuwa simu ikilia anajifungia chooni, nawe unamwambia dawa iko ndani ya simu?

Nilisubiri tangu baridi kali hadi watu wakaanza kuvaa kaptula. Simu ya kwanza niliitazama tu ikilia. Ya pili nikapokea. Dada akanisomea maswali kama karani wa sensa, mwishoni akasema kuna kikundi cha watu kumi na wawili, kinaanza mwezi huohuo. Nikitaka mtaalamu peke yangu, miezi mingine. Nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba ninachoogopa ndicho hicho, watu. "Basi patakufaa, wote wanaogopa," akajibu, akacheka. Hadi leo nikiosha vyombo nakisikia kile kicheko. Usiku ule nikausoma mwongozo wa 2013 wa NICE, taasisi inayotoa miongozo ya matibabu huku, kuhusu hofu hii ya watu: tiba ya mtu mmoja mmoja itangulie, kikundi kisipewe kipaumbele. Nikakataa kikundi.

Wakati nasubiri, daktari wangu akanipa sertraline, vidonge vya kupunguza hofu. Wiki za mwanzo tumbo lilinivuruga, usingizi ukaruka. Baadaye nikajikuta namuuliza dereva wa basi njia. Vidonge nivipe nyota nne? Sijui, viganja bado vinalowa jasho.

Halafu zamu ikafika. Mtaalamu akanirekodi video nikiongea, akanionyesha: uso ninaoapa kuwa unatetemeka umetulia tuli. Akanituma dukani niulize bei ya vitu vitatu na nitoke bila kununua. Mimi, wa kuacha mkate! Nilirudi nikilia, na si kwa uchungu.

Nilikuja hapa kutoa nyota moja. Yule mtaalamu ningempa zote tano. Lakini miezi yote ile, na kicheko kile... mbili. Haya, tatu.

Juzi wamepiga tena, namba ileile ya kujificha, eti wanataka maoni kuhusu huduma. Nimeiacha ilie. Maoni ndiyo haya.