Hama drili ya SDS wati 800: uzoefu wangu kwenye lenta za zege

Wakuu, naulizwa sana kuhusu hii mashine na madogo wanaoanza ufundi na hata wenye nyumba, ngoja niandike mara moja. Kazi yangu ni kufunga mapazia, tivii za ukutani na shelfu hapa Dar, na anayefunga mapazia anajua bomba linakaa juu ya dirisha, sasa juu ya dirisha kuna nini kama sio lenta, zege na nondo zake ndani. Drili ya kawaida yenye chaki ya kukaza na funguo ina alama ya nyundo pembeni sawa, kwenye tofali inapita fresh tu, ila kwenye lenta utaisukuma kwa kifua hadi ulowe jasho na tundu halijafika hata inchi moja.

Tofauti iko ndani. Ile ya kawaida ina visahani viwili vya meno vinavyokwaruzana, kwa hiyo ili igonge lazima wewe ukandamize. Hii ya SDS (biti unaisukuma tu inajifunga yenyewe, bila funguo) ina pistoni inayobana hewa, hewa inarusha chuma, chuma kinapiga kitako cha biti, yaani mapigo yanatoka kwenye mashine yenyewe na wewe unaiongoza tu. Mfumo wa biti hizi uliletwa na Bosch mwaka 1975 na sasa hivi kampuni nyingi zinautumia, hizi ndogo zinaitwa SDS plus, kitako cha biti ni mm 10. Yangu ni wati 800, inabeba biti hadi mm 26, uzito kilo 3 hivi. Jina siweki, mtasema nimelipwa.

Utendaji naupa alama za juu. Biti ya mm 8 kwenye lenta unahesabu sekunde tu tundu la fisha (ile plastiki inayoshika skrubu) liko tayari, na mdomo wa tundu haubomoki kama unaanza taratibu kwa kubonyeza swichi nusu. Kosa ninaloliona kwa wengi ni kuilalia. Ukiilalia haiendi haraka zaidi, unaipunguzia mapigo na unachosha mota, halafu ndo tunasikia mashine za siku hizi ni feki. Ishike kwa mkono imara, msukumo kidogo, mara mojamoja irudishe nyuma vumbi litoke.

Sasa nondo. Hapa nitasema sana kidogo maana ndo panapovunja watu mikono. Ukigonga nondo utajua, sauti inabadilika ghafla inakuwa kali ya chuma, vumbi la kijivu linaacha kutoka na biti haisogei. Hapo achia swichi. Usiseme ngoja nikaze kidogo, kwa sababu ncha ikinasa biti inasimama lakini mota bado inataka kuzunguka, kwa hiyo kinachozunguka ni mwili wa mashine pamoja na kiwiko chako. Hizi zina klachi ya kuachia lakini inachelewa kidogo, na kama uko juu ya ngazi hicho kidogo kinatosha kukushusha. Ndo maana ule mkono wa pembeni sio urembo, watu wanautoa eti unaziba kwenye kona! Mimi bila huo mkono sitoboi zege, na nikiwa juu sigusi kabisa kile kitufe cha kufungia swichi ijiendeshe yenyewe. Ukikuta nondo hamisha tundu sentimita chache, mabano ya pazia yanavumilia, kwenye tivii pima upya.

Waya za umeme nazo. Kabla ya kutoboa angalia swichi na soketi ziko wapi, mara nyingi bomba la waya limepanda au kushuka wima kutoka hapo, kwa hiyo usawa huo uukwepe, na kama una wasiwasi zima mein swichi utumie ekstensheni ya kwa jirani. Halafu ile tabia ya saiti ya kuchomeka waya mtupu kwenye soketi na njiti za kiberiti, jamani hapana. Yangu ilikuja na plagi ya pini mbili, nikakata nikaweka ya pini tatu yenye fyuzi. Pini ya ethi inabaki tupu na hiyo sio tatizo, ukiona kwenye mashine kuna kaalama ka mraba ndani ya mraba maana yake ina insulesheni mbili, haihitaji ethi. Ekstensheni ya kuzungusha ifungue yote, ikiwa imejiviringisha inapata moto.

Vumbi la zege linaharibu mapafu na madhara yake hayaponi, vaa barakoa nzito na miwani, hasa ukitoboa juu ya kichwa. Mimi natoboa kitako cha kikopo cha mtindi, nakipitisha kwenye biti mdomo ukiangalia ukuta, vumbi lote linadondokea humo na sofa la mteja linabaki salama.

Matunzo hayana mambo mengi. Kabla ya kuingiza biti futa kitako chake, paka grisi kidogo, bila hivyo mshikio wa biti unalika haraka. Matundu ya hewa nayapuliza kila nikimaliza kazi. Usigeuze kitufe cha kuchagua kugonga au kuzungusha wakati mota inatembea, na mbao au chuma toboa bila kugonga. Biti ikiwa ya moto usiitie maji, ile ncha ngumu inapasuka, iache ipoe.

Kaboni, vile vipande viwili vinavyopeleka umeme kwenye mota, ndo zinazosahaulika. Ukiona cheche nyingi za bluu ndani na mashine inakatakata, chomoa kwanza kwenye umeme, fungua vifuniko viwili vya pembeni, zikibaki kama mm 5 badilisha zote mbili kwa pamoja. Nenda na ya zamani mkononi Kariakoo ulinganishe, isiyolingana hata kwa unene mdogo inakwama au inachezacheza na inakula koleta, ile shaba ya mota inayoguswa na kaboni.

Kilichoniudhi ni biti za kwenye boksi, ncha zilichoka mapema sana, na kile chuma cha kupimia urefu wa tundu hakikazi, kinateleza, siku hizi nafunga tepu nyeusi kwenye biti. Na ni nzito ukitoboa dari siku nzima. Kama unataka kutundika picha mbili tu sebuleni usinunue, azima au ita fundi, ila kama lenta ndo ofisi yako chukua, na hela ya biti nzuri itenge pembeni siku hiyohiyo.