TAHADHARI kwa wenye magari Tanga: fundi alikata waya wa taa ya betri, akaniambia gari limepona

Ndugu zangu wa Tanga, hasa akina mama wenzangu tunaoendesha wenyewe na kumwachia fundi kila kitu, someni hili kabla hamjatoa hela ya betri.

Wiki tatu zilizopita nikitoka Raskazone, taa nyekundu ya betri iliwaka kwenye dashibodi ya IST yangu. Asubuhi hiyo gari lilikuwa limewaka kwa mkupuo mmoja. Nikaenda kwenye duka la spea huko Ngamiani lenye fundi wake barazani. Jina silitaji kwa sababu shauri liko polisi, na mtaa uleule una mafundi waaminifu ambao sitaki waharibikiwe riziki.

Fundi hakushika hata mita ya kupimia umeme. Alifungua boneti, na injini ikinguruma vilevile akachomoa kichwa cha betri. Gari likazima. "Unaona dada? Betri imekufa."

Nilimwamini, na hapo ndipo nilipoibiwa. Injini ikishawaka, umeme wa gari unatakiwa utoke kwenye altaneta, ambayo pia inaijaza betri. Gari likizima mara tu betri inapochomolewa, mara nyingi maana yake altaneta haitoi kitu na betri ndiyo iliyokuwa inalibeba gari peke yake. Alinionyesha dalili ya kwamba betri yangu ni nzima, akaniambia imekufa! Isitoshe, kuchomoa betri injini ikiwa inafanya kazi kunaweza kuunguza daiodi za altaneta, hata kompyuta ya gari. Akitokea fundi wa kutaka kukupimia hivyo, mshike mkono.

Nililipa 160,000 kwa betri aliyoniapia kuwa ni mpya, na 20,000 za ufundi. Ya kwangu, yenye miezi minane tu, akaichukua kama chakavu na kunipunguzia 15,000. Risiti ya mashine hakunipa, alinichania kikaratasi cha daftari. Niliporudi kutoka kununua maji ya kunywa taa ilikuwa imezima, nikamshukuru sana.

Siku mbili baadaye tulikuwa tunarudi kutoka msibani Korogwe, usiku, mimi na mama yangu na wanangu wawili. Tulipoipita Hale taa za mbele zikaanza kufifia. Usukani ukawa mzito, maana wa IST unasaidiwa na umeme. Kisha kila kitu kikazima, giza totoro, na malori yanapita yakitutikisa. Taa ya betri haikuwa imewaka hata mara moja kunionya. Mama yangu ana miaka sabini na moja. Alikaa pembeni ya barabara ile amewakumbatia wajukuu zake mpaka msamaria mmoja mwenye Noah alipotuvuta hadi Muheza.

Asubuhi nikampata mzee mmoja fundi umeme wa magari. Kwanza aliwasha funguo bila kupiga stata, akaangalia dashibodi. "Mwanangu, taa ya betri yako iko wapi?" Funguo ikiwashwa, taa hiyo lazima iwake; injini ikianza kunguruma, izime. Isipowaka kabisa, ama imeungua, ama waya wake umekatika, ama kuna mtu kaificha. Akafuata nyaya mpaka kwenye soketi ya altaneta, akakuta waya mmoja mwembamba umekatwa na kuzungushiwa tepu nyeusi. Ni ule wa taa.

Akabusti gari, akaweka mita kwenye betri. Injini ikiwa inanguruma mita inatakiwa isome kama volti 13.8 hadi 14.5. Yangu ilisoma 12.1 na ilikuwa inashuka. Mkanda unaozungusha altaneta ulikuwa mzima na umekaza. Alipofungua altaneta akakuta kaboni zimeisha, yaani vile vipande vidogo vinavyopeleka umeme kwenye sehemu yake inayozunguka. Kaboni mpya na kazi yake, 35,000. Ndiyo ugonjwa wote uliokuwepo.

Ile betri niliyouziwa nayo aliichunguza. Nguzo zake zilikuwa na mikwaruzo ya kufungwa zamani, zimepitishiwa msasa. Stika ilibandikwa juu ya stika nyingine. Pahala pa tarehe pamekwanguliwa. Ililala kwenye chaja usiku kucha, na ilipopumzika ikasoma 12.2 badala ya kukaribia 12.6. Kwenye kupiga stata ikaporomoka chini ya 9.

Kwa hiyo taa ikiwaka, dai mita kwanza, na usome namba kwa macho yako. Angalieni mkanda pia: kwenye magari kama IST mkanda huohuo unazungusha pampu ya maji, kwa hiyo ukikatika simama hapohapo usije ukaunguza injini. Ukiwa njiani na mkanda ni mzima, zima AC na redio, utafute fundi kabla giza halijaingia.

Nilirudi dukani. Fundi alisema hanijui, mwenye duka akasema dhamana haihusu altaneta. Betri yangu ya miezi minane nayo haikuonekana. Naamini imeshauziwa mwingine.

Kama nawe umeuziwa betri ya namna hii Ngamiani, usiirudishe wala usiiuze kwa wa vyuma chakavu. Ipige picha nguzo na stika, tunza kikaratasi ulichopewa hata kama ni cha daftari, upeleke malalamiko polisi. Mpelelezi aliniambia mlalamikaji mmoja ni vigumu, lakini walalamikaji wakiwa watatu au wanne, polisi wataingia mle dukani kukagua betri zote.