Mashine ya Mtetemo Mjini Mtwara: Wiki Sita za Kujaribu

Tangu minada ya korosho ilipoanza kupungua nimekuwa nikihudhuria ukumbi mmoja wa mazoezi hapa Mtwara mjini, ambao jina lake nitalihifadhi, kwa ajili ya kitu kimoja tu: mashine ya mtetemo. Bango la mlangoni linaiita mashine ya wanaanga, nami, niliyekwishaambiwa na daktari kwamba mifupa ya nyonga yangu imepungua uzito, sikuona shilingi 5,000 kwa kipindi kuwa ghali.

Mashine yenyewe ni nzuri. Ubao wake huinuka na kushuka kwa zamu kama pembea, mguu mmoja ukipanda mwingine unashuka, na misuli ya tafu na mapaja hulazimika kujikaza mara nyingi kwa sekunde bila mtu kuiamuru. Kasoro iko katika namna tunavyotumikishwa. Mwalimu hutusimamisha wima, magoti yamenyooka, dakika kumi, kama abiria waliokosa viti katika basi la Masasi, kisha humwita anayefuata. Hakuna aliyeniuliza kuhusu nyonga yangu, wala kama nimewahi kufanyiwa upasuaji.

Anayetaka kupima huduma hii kwa haki na aangalie kazi ya Jörn Rittweger, Mjerumani mtaalamu wa fiziolojia ya mazoezi na ya anga za juu, aliyeanza kuchunguza mtetemo akiwa Berlin, akafundisha Manchester, kisha akajiunga na Taasisi ya Tiba ya Anga ya DLR, shirika la Ujerumani la utafiti wa anga, jijini Köln. Katika majaribio yake ya mwanzo watu walichuchumaa juu ya ubao huku wamefungwa mzigo wa ziada kiunoni, mpaka wakachoka kabisa. Alikuwa pia miongoni mwa watafiti wa jaribio la Berlin lililoanza mwaka 2003, ambamo vijana wa kiume 20 walilala kitandani siku 56 ili miili yao idhoofike kama ya watu walioko angani. Nusu yao walifanya mazoezi ya mtetemo wakiwa wamelala, wakivutwa kwa mikanda ili waukanyage ubao kwa nguvu, na mifupa yao ya miundi ilihifadhika kuliko ya wenzao waliolala tu. Baadaye, alipowachunguza wanariadha wazee, yeye na wenzake walikuta miundi ya wakimbiaji wa mbio fupi ni imara kuliko ya wale wa masafa marefu. Mfupa, kwa hiyo, hutii nguvu kubwa ya misuli; kutikiswa pekee hakuutoshi. (Bibi zetu wa Newala waliopandisha ndoo za maji kutoka bondeni hadi juu ya uwanda wa Makonde walilipata zoezi hilo bila kulipa kiingilio.)

Usafi wa ukumbi unaridhisha, feni zinafanya kazi, na umeme ukikatika fedha hurudishwa bila ubishi. Wenye haraka waende asubuhi, kwani kuanzia saa kumi na moja jioni foleni hufika mlangoni.

Nimelipia mwezi mwingine baada ya mwalimu wa zamu ya asubuhi, kijana msikivu, kukubali nichuchumae badala ya kusimama, na kuahidi kutafuta mkanda wa kiunoni wa kubebea mzigo. Mkanda bado haujafika.