Askari wangu walifika ng'ambo, wakakosa pa kushukia

Jeshi langu lilivuka bahari zamu nane nzima, likafika chini ya mji wa adui, likakwama papo hapo majini. Ukingo wote mbele yake ulikuwa majabali. Katika Civilization VI, gemu ya kompyuta ya kujenga dola na kupigana kwa zamu, iliyotoka mwaka 2016, askari aliye majini hawezi kukwea jabali, isipokuwa yule aliyekwisha kupigana akapata sifa ya komando. Mimi sikuwa na hata mmoja. Manowari za adui zilitumaliza nikiwa bado natafuta ufuko.

Tangu hapo naisoma pwani kwanza, vita baadaye. Na kusema kweli hicho ndicho ninachokipenda zaidi kwenye gemu hii: penye ufuko mmoja tu katikati ya majabali, kikosi kimoja kikikaa pale kimeziba upande mzima wa kisiwa. Kabla ya hapo nilikuwa naiona pwani kama rangi tu, mahali kijani kinapokoma na buluu kuanza.

Kujenga mji nako kuna hesabu zake. Penye mto au ziwa unaanza na makazi 5 (yaani nafasi ya watu kuongezeka), pwani pasipo mto 3, bara pakavu 2. Bandari, nayo, inaongezewa dhahabu 2 ikigusana na kitovu cha mji, na 1 kwa kila samaki au kaa walio jirani yake. Kwa hiyo kijighuba kidogo chenye samaki naweza kukigombania kuliko bonde zima la ngano.

Nyongeza ya Gathering Storm, ya mwaka 2019, ilinitia adabu zaidi. Ardhi tambarare ya pwani imewekewa alama ya mita 1, 2 au 3, na kadiri mnavyochoma makaa na mafuta bahari inapanda. Soko langu nililiweka kwenye mita 1, kwa uvivu tu. Kwanza likafurika, kisha likazama kabisa. Ukuta wa kuzuia maji upo, lakini unaupata ukishagundua kompyuta, na gharama yake inapanda pamoja na bahari.

Kinachokosekana ni maji kujaa na kupwa. Novemba 1943, kwenye Vita vya Pili vya Dunia, kule Tarawa, visiwa vya Pasifiki, wanamaji wa Marekani walikutana na maji mafu, yale yasiyojaa sana: mashua zikanasa kwenye mwamba wa matumbawe, watu wakatembea majini mamia ya mita huku wakimiminiwa risasi. Kwenye gemu, ufuko ni uleule kila zamu. Natamani bamvua, maji yanapojaa kupita kawaida, liingize meli kubwa mtoni, na maji mafu yaziache nje zikisubiri. Toleo la VII, la mwaka 2025, angalau limeleta mito inayopitika kwa meli.

Nyota nne kati ya tano. Ukiijaribu, achana na ramani ya Pangaea, maana bara moja linakuwezesha kumaliza vita vyote kwa miguu. Chagua visiwa.