Pinde za Dungeons & Dragons: ziko wapi nguvu?

Nimecheza toleo la 5 la mchezo huu wa mezani, wa kuigiza wahusika na kurusha dado, nikiwa mpiga upinde tangu kampeni (mfululizo wa visa) yangu ya kwanza, na sheria zake za pinde bado zinanikera. Upinde mrefu unapewa dado moja ya pande 8 ya kupima madhara, na alama ya wepesi ya mhusika ndiyo inayoongezwa kwenye shabaha na madhara. Nguvu haihesabiwi kabisa! Meli ya kivita ya Waingereza, Mary Rose, iliyozama 1545, ilikutwa na pinde ndefu nzima 137, na nyingi zinakadiriwa kudai mvuto wa kilo 45 hadi zaidi ya 80. Jaribu kuvuta hata nusu ya hapo, mabega yatakueleza.

Masafa, futi 150 bila taabu na 600 kwa kubahatisha, nayakubali.

Kinachoniuma zaidi ni upinde mfupi: dado ya pande 6 tu, kana kwamba ufupi ni unyonge. Waturuki wa Osmani waliunganisha mbao, pembe na kano za wanyama wakapata upinde mfupi wenye nguvu ya kutisha, tena wa kutumia juu ya farasi.

Mezani kwetu tumeamua: mhusika asiye na alama 15 za nguvu hagusi upinde mrefu. Mchezo umenoga. Nyota tatu kati ya tano.